Koki ya Chumba cha Mama

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, mfikishie na shemeji za kwake, na wanangu wote wawili uwabusu kwa niaba yangu, hata yule anayejiona mkubwa wa kubusiwa. Natumaini mpo wazima na lile goti la shemeji limetulia. Mimi afya yangu haina neno. Mama bado yuko hospitali, kitanda kilekile cha dirishani. Leo amemaliza bakuli zima la supu, kisha akamkaripia muuguzi aliyemwita bibi, kwa hiyo ujue nguvu kidogo zimerudi.

Barua yako ya juzi nimeisoma mara tatu. Umesema mafundi wapya watakuja Jumatatu kuung'oa mtambo wa kupasha nyumba joto na kuweka mwingine, na umesema fundi wetu umeshamshtaki kwenye ofisi iliyompa leseni, wamfutie asiharibu nyumba za watu wengine. Dada, nakuomba uwazuie wote, hao wa Jumatatu na hao wa ofisini. Sababu nitakupa, lakini niache nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho utaichana hii barua. Nakujua.

Unakumbuka daktari alichotuambia mwaka juzi: mapafu ya mama yamechakaa kwa moshi wa lile jiko la kuni, na majira mengine mawili ya baridi ndani ya nyumba ya zamani yatammaliza. Wewe ulilia pale koridoni, ukaapa kujenga nyumba nyingine palepale uani, isiyo na moshi hata chembe. Siku tatu baadaye ukapanda ndege. Ukaniachia ramani, na ukaniambia nichague mimi namna ya kuipasha joto kwa kuwa mimi ndiye niliye hapa. Kwa mara ya kwanza maishani nikakabidhiwa na nyinyi kitu kisichokuwa ndoo ya majivu.

Basi nilichagua, na wala sikubahatisha. Hita za umeme nilizikataa kwa sababu zinakausha hewa mpaka koo la mama linakwaruza. Gesi mama mwenyewe aliikataa, alisema hawezi kulala nyumba moja na mtungi. Ule mtambo wa kuvuta joto kwenye hewa ya nje nao niliambiwa unaelemewa baridi inapokaza, yaani siku ileile unapouhitaji. Ukabaki huu wa kuvuta joto la ardhini. Nilikwenda mpaka nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa nao, nikavua viatu nikatembea peku sebuleni kwake huku mkewe akinitazama kama nimerukwa na akili. Sakafu yote vuguvugu, dada, kona kwa kona, na hakuna moto popote. Nusura nilie.

Huyo mwalimu ndiye aliyenipeleka kwa fundi wetu, tuliyemwita Bwana Kina kwa sababu kila ukimwuliza swali anakujibu kwamba inategemea kina. Alikaa jikoni kwetu akamweleza mama kwa mfano wa friji. Alimwambia nyuma ya friji pana joto kwa sababu friji inachota joto lililo ndani na kulitupa nje, na mtambo huu unafanya vivyo hivyo, unachota joto lililo chini ya ardhi na kuliingiza sakafuni. Mama akafikiri kidogo, akasema kumbe tunaipoza ardhi, halafu sisi wenyewe ndio tutakaolazwa humo. Bwana Kina alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Unakumbuka pia tulivyobishana kwenye simu. Wewe ulitaka mabomba yalazwe kwenye mitaro kwa kuwa kazi yake ni ya haraka. Mimi nikasema mitaro itakula uani kote na ile miti ya matunda ya baba itang'olewa, kwa hiyo tuchimbe visima viwili virefu vya kwenda chini moja kwa moja. Ulinikatia simu, kesho yake ukakubali. Siku sita ile keekee ya kuchimbia visima ilinguruma, tukawa tunazungumza kwa mikono kama mabubu, na mama alikaa kwenye kiti chake nje, pamba masikioni, akiwahesabia mafundi mabomba kana kwamba ameajiriwa. Nilichagua vizuri, dada. Naomba ulishike hilo, kwa sababu mengine yote nitakayosema hayana sifa.

Nyuma ya mlango wa jikoni Bwana Kina aliweka sanduku lenye koki saba, moja kwa kila chumba, na majina niliandika mimi kwa mkono wangu. Chumba cha mama ni koki ya tatu. Alinikanya nisizichezee. Alisema huu si moto wa kuchochea na kuzima, ukifungua acha, maana sakafu inachukua siku mbili kupata joto na siku mbili kupoa.

Mama alihamia baridi ilipoanza, nami nikachukua kile chumba kidogo karibu na jikoni. Wiki ya tatu alitembea mpaka getini na kurudi bila kusimama kuvuta pumzi. Nilimhesabia hatua kutoka dirishani na nikashukuru Mungu kwa sauti.

Halafu wageni wakaanza kuja kuiona nyumba. Kila aliyevua viatu akashangaa sakafu, mama alimjibu neno lilelile: hili ni joto la mwanangu wa ng'ambo. Mimi nimesimama pale na sinia la chai. Nilimsikia akilisema kwa majirani, kwa shangazi, kwa mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Hakuwa na nia mbaya. Lakini miaka kumi na moja, dada, mimi ndiye niliyeamka alfajiri kumwashia jiko ili akute chumba kimechangamka, na sijawahi kusikia akimwambia hata paka kwamba hili ni joto la mwanangu wa hapa.

Siku moja akaniita, akanishika mkono, akasema sasa nimepumzika, sina haja tena ya kuamka mapema, niende nikajitafutie maisha yangu. Alisema kwa upendo kabisa. Mimi nikasikia nimeachishwa kazi. Alfajiri iliyofuata niliamka kama kawaida, nikakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, sina pa kuipeleka. Umri huu nianze kutafuta maisha gani?

Yaliyofuata niliyaandika mwenyewe, unazo barua zangu. Kwamba chumba cha mama kimeanza kupoa. Kwamba Bwana Kina kaja mara ya kwanza, kapiga magoti, kaweka kipimajoto na kiganja sakafuni, hakuona ubovu. Kwamba kaja mara ya pili, hakuona kitu, na siku nne baadaye chumba kikawa baridi tena. Mara ya tatu alimwomba mama radhi, akasema katika miaka ishirini hajaona mtambo wa namna hii, na pengine yeye ndiye aliyekosea hesabu za kina. Kwamba mama mwenyewe akasema basi, tumwashie jiko kule nyumba ya zamani, kwa muda tu. Nikamhamisha, nikaliwasha. Wewe ukaniandikia kwamba angalau mama ana mimi. Niliikunja hiyo barua nikaiweka chini ya mto.

Kikohozi kilirudi kabla ya mwezi kwisha. Kilichompeleka hospitali unakijua.

Sasa nisikilize. Mtambo hauna ubovu wowote. Haujawahi kuwa nao. Ni mimi niliyekuwa nikifunga koki ya tatu.

Nilikuwa naifunga, na nikisikia fundi anakuja naifungua siku mbili kabla, akifika anakuta sakafu ina joto lake. Akiondoka naifunga. Nilijitia hamnazo, nikamwacha mtu mzima na heshima yake ajione hajui kazi. Mara moja niliikuta imefunguliwa bila mimi kuigusa, nikadhani nimesahau, nikaifunga tena. Sitakudanganya kwamba nilishikwa na shetani. Kilikuwa kijiba cha roho, basi. Nilitaka mama ahisi baridi kidogo tu, aniite. Na aliponiita, dada, nilifurahi. Nilipasua kuni asubuhi ile huku naimba. Nilimsikia akikohoa nikajiambia ni vumbi.

Jumamosi nilikwenda kwa Bwana Kina. Nilimkuta mlangoni, hakunikaribisha ndani, barua ya ofisini ilikuwa imeshamfikia. Nikamweleza yote nimesimama. Hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu, kama sasa koki iko wazi. Nikasema iko wazi. Akatikisa kichwa, akafunga mlango. Hiyo ofisi uiandikie leo, tafadhali, na uwape hii barua yangu ikibidi, jina langu wakalisome wanavyotaka.

Nilidhani huo ndio mwisho wa aibu yangu. Jana nikapiga moyo konde nikamwambia mama. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikaanza kutafuta maneno, akaniwekea kidole mdomoni. Akasema anajua, koki ya tatu. Alisema aliniona mapema kabisa, alikuwa amekuja jikoni kutafuta miwani yake. Alisubiri nikaenda sokoni, akaifungua yeye mwenyewe. Kesho yake akaikuta imefungwa tena. Hapo, alisema, ndipo alipoelewa kwamba sitaki kupumzika, na hakuona namna nyingine ya kunipa kazi yangu bila kuniaibisha mbele yako. Kwa hiyo aliomba jiko. Aliyajua maneno ya daktari kama tunavyoyajua sisi. Alisema moshi aliuzoea, lakini sura yangu siku zile hakuizoea.

Kisha akaniambia nisikuandikie. Anataka wewe uendelee kuamini ni mtambo. Ndiyo maana nakuandikia haraka kabla sijamtii, na barua hii nampa msafiri wa ndege ya leo usiku ikufikie mapema.

Daktari anamruhusu Alhamisi. Mapafu hayatarudi yalivyokuwa, hilo ametuambia wazi, na atakuja na mtungi wa hewa na kimrija cha puani, mchana na usiku. Wametukataza moto wa aina yoyote karibu naye, hata kiberiti. Koki zote saba ziko wazi. Chumba chake tayari kina joto, nimelala chini humo jana kuhakikisha, na ni kweli, linapanda polepole mpaka mgongoni bila mtu yeyote kufanya lolote.

Nikisikia umenichukia sitashangaa. Ila Alhamisi uwe karibu na simu, mama atataka kukusikia akifika, na atakwambia nyumba yako ina joto. Mjibu ahsante.

Wasalimie wote hapo, na shemeji aendelee kulichua lile goti.

Ni mimi mdogo wako,
yule mliyemwita Majivu.