Baba, Yule Mzee Hakuamka

Kwako Baba, fundi wa nguo na wa subira,

Nakuandikia kwa laptopu ileile uliyokuwa ukiifuta kwa kipande cha flana kila asubuhi, kabla hata hujaifuta cherehani yako. Mashine bado inanisomea kila ninachoandika, kwa sauti ileile uliyoipa jina la Bwana Bati. Kiswahili changu bado kinamshinda. Hapa ninapoandika anayatafunatafuna maneno, na ungekuwepo ungemwambia ameze kwanza ndipo aongee.

Nina la kuungama, na nitalisema mapema kabla sijaingiwa na woga. Ule mchezo wetu niliumaliza bila wewe. Niliumaliza zamani, ukiwa mzima, ukiwa bado unashona. Kisha nikarudi kuketi karibu nawe nikajifanya sijui mbele kuna nini, na nikaendelea hivyo kwa miezi, mpaka ukaondoka duniani.

Ngoja nianzie pale macho yaliponizimika. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. La kushoto lilitangulia, la kulia likafuata, kwa presha ya macho ambayo hakuna aliyeigundua mapema. Nikarudi nyumbani Biryogo nikajifungia chumbani. Mama alilia, majirani wakaleta dawa za kunywa na za kujifukiza. Wewe uliendelea kushona. Siku moja ulisimama mlangoni ukaniambia twende ateliye, kile chumba chako cha cherehani mbili, eti vifungo vimechanganyika na macho yako ya uzee hayavioni. Bakuli zima la vifungo, Baba! Nilivitenganisha kwa vidole siku nne, vikubwa huku, vidogo kule, vya matundu mawili na vya manne. Siku ya tano nikakusikia unavimwaga tena vyote bakulini, taratibu, ukidhani asiyeona hasikii. Nikaketi nikaanza upya.

Mwaka uliofuata nikajiunga na mafunzo ya kompyuta kwa wasioona, kule Kicukiro. Laptopu yangu ilikuwa kuukuu kiasi kwamba mwalimu alicheka alipoiwasha. Akaniwekea Linux, kwa kuwa ni mfumo mwepesi na ni wa bure, akaniwekea na programu ya kusoma skrini, na siku moja akanipa zawadi: michezo ya zamani, iliyotungwa kabla sijazaliwa, isiyo na picha hata moja. Ni maandishi matupu kwenye dirisha jeusi. Mashine inakueleza uko wapi, kuna mlango upande gani, kuna nini mezani. Wewe unaandika unachotaka kufanya, nayo inakujibu kilichotokea. Mwenye macho na asiye nayo wanaingia mule wakiwa sawa. Mwalimu alisema hivyo, na mimi nilitaka sana iwe kweli.

Nilianza kuucheza mmoja pale ateliye, baada ya Alasiri, nikiwa nimeegemea lile rundo la vitenge. Bwana Bati akasoma kwa Kiingereza chake cha puani. Ukasimamisha cherehani.

"Anasema nini uyo?"

Nikakutafsiria. Tumefika kwenye nyumba ya wageni juu ya mlima, theluji inaanguka, mlango uko wazi. Nia yetu ni kuvuka mlima. Nikaandika: ingia.

"Buretse!" ulisema, na nikajua umeinua mkono. "Ngoja. Unaingia kwa batu bila hodi?"

"Baba, ni mchezo."

"Mchezo iko mchezo, nyumba iko nyumba. Piga hodi."

Nikakuridhisha, nikaandika salamu. Mashine ikajibu kwamba haijui neno hilo.

"Basi mutu alimutengeneza hakufundwa kwao," ukasema. Nikasubiri cherehani ianze tena, haikuanza. Ulikuwa umekwisha kugeuza kigoda chako.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Nikifika kutoka mafunzoni, unamalizia pindo lililo mkononi, unaagiza chai ya nanaa, tunaingia mlimani. Mimi nilikuwa macho yako mule ndani, maana Kiingereza hukukijua, na wewe ulikuwa dhamiri yangu, tena dhamiri sumbufu. Michezo ya aina ile inataka uwe mwizi. Unaingia nyumba za watu, unachukua taa, mkate, shoka, unaendelea na safari. Wewe hukutaka. Tulipata kamba kwenye zizi, tukaitumia kushuka kisimani, na ulipoona kazi imekwisha ukanilazimisha turudi mpaka zizini kuirudisha ilipokuwa. Vyumba vitano kwenda, vitano kurudi! Tulipofika kwenye daraja lililokatika tukagundua kamba inatakiwa tena, na ikabidi tuirudie. Nilikununia. Ukaniambia kutembea ni afya.

Njia zilipotuchanganya ulinitengenezea ramani. Ulichukua kipande cha marekani, kila chumba ukakishonea kifungo, kila njia ukaipitishia uzi mnene, na mlango uliofungwa ukauwekea zipu fupi. Vidole vyangu vilitembea juu ya kitambaa hicho kama vinavyotembea sasa ukutani nikitoka nyumbani kwenda barabarani. Wateja walikuuliza unashona nini. Ulijibu ni oda ya binti yako, na hana haraka.

Halafu tukamkuta yule mzee.

Alikuwa chumba cha mwisho, amelala kitini mbele ya moto, ufunguo umelala juu ya goti lake. Mlango wa kutokea upande wa pili wa mlima ulikuwa nyuma yake, umefungwa. Mtoto mdogo angejua la kufanya. Nikaanza kuandika: chukua ufunguo. Ukanishika kiganja.

"Muzee iko analala. Utaiba mutu analala?"

"Si kuiba, Baba. Tunafungua tu."

"Oya, hapana. Tungoje aamke, tumuombe. Hawezi kutunyima."

Mule mchezoni kuna amri ya kungoja. Unaandika ngoja, mashine inajibu: muda unapita. Basi. Tukaandika ngoja. Muda unapita. Ngoja. Muda unapita. Mzee anakoroma. Siku ya kwanza nilikasirika, nikakuambia hata msikitini hatungoji hivi. Ulicheka mpaka ukakohoa. Siku ya pili, Bwana Bati alipokuwa anarudia lake, ukaanza kunisimulia.

Wewe, Baba, uliyenilea kwa maneno ya kuhesabika! Ulinieleza ulivyoshika sindano ukiwa na miaka tisa, na babu alivyokuchapa vidole kwa futi kila ulipopindisha mshono. Ulinieleza habari za msichana wa Nyamirambo uliyetaka kumuoa kabla ya Mama, akaolewa na mwingine, na gauni la harusi wakaja kukupa wewe ulishone. Nilikuuliza kama ulilipindisha makusudi. "Lile ndilo gauni nilishona muzuri kupita yote," ulisema. "Usimuambie mama yako." Kisha ukaniambia: ngoja, andika tena.

Sasa ndipo kosa langu. Ijumaa moja ulikuwa umekwenda kuswali na mimi nimebaki na mashine. Uvumilivu ukaniishia. Mchezo ule unakuruhusu kuhifadhi mahali ulipofika, na baadaye ukarudi palepale. Nikahifadhi mahali petu, nikachukua ufunguo, nikafungua mlango, nikamaliza. Ilichukua dakika chache. Baadaye nikajaribu jambo jingine: nikarudi chumbani kwa mzee nikangoja mara mia mbili, kidole kikiuma. Hakuamka. Aliyeutunga hakumuandikia kuamka. Ni mzee wa kulala tu mpaka dunia iishe.

Uliporudi na kanzu yako inayonukia udi, ukauliza, "Muzee je?"

Nikasema, "Bado amelala."

Sikukudanganya kwa ujanja, Baba, nataka ulijue hilo. Nilidanganya kwa sababu ulikuwa umevuta kigoda, chai ilikuwa imefika, na siku iliyotangulia ulikatiza hadithi ya safari yako ya kwanza Bukavu katikati kabisa. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho ukasimulia Bukavu. Keshokutwa ukanieleza jinsi ulivyolia peke yako ateliye siku daktari alipotuambia macho yangu hayatarudi, na hukutaka mtu akuone, ukawasha cherehani bila kitambaa ili mlio ukufiche. Baada ya hapo ningesemaje? Nilikupenda miezi ile kuliko miaka yote iliyotangulia. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Presha ilipokuangusha, upande mmoja wa mwili ulikataa. Hospitalini ulizungumza kwa shida. Mimi nilikuwa nimeshika ule mkono uliobaki na nguvu, nikipapasa ngozi ngumu ya kidole cha sindano. Ukavuta pumzi ukauliza, "Muzee... ameamka?"

"Bado, Baba."

"Basi tungoje."

Siku ya tatu tukakuzika.

Nimeishi na maneno hayo mwaka mzima. Nilipata kazi ya kupokea simu katika ofisi moja Kicukiro, naenda na kurudi mwenyewe na fimbo yangu, watu wananisifu, na moyoni najiona mtu aliyemdanganya baba yake akiwa anakata roho. Kila nilipowasha laptopu, faili la mchezo wetu lilikuwepo kwenye orodha, Bwana Bati analitaja jina lake, nami nalipita haraka. Nilijiambia kwamba ulikuwa na haki ya kufika mwisho kwa miguu yako, na mimi nilikunyima kwa kukuweka mbele ya moto wa uongo, unamngoja mtu asiyeamka.

Wiki iliyopita Mama alikuwa anaanika nguo za kabatini. Akaniwekea kitu mapajani. Vidole vikakutana na vifungo, uzi mnene, zipu fupi iliyofungwa. Nikalia kwa sauti mpaka jirani akaja kuchungulia. Ndipo nikamwambia Mama yote, kama ninavyokuambia wewe.

Mama akacheka. Unajua kicheko chake.

"Baba yako alijua, ee."

"Alijua nini?"

"Kama uyo muzee haamkake. Ulikuwa unafikiri iko mujinga?"

Akanieleza kwamba mwalimu wangu wa kompyuta alikuja kwako kupunguziwa suruali, mapema kabisa, hata wiki mbili hazijapita tangu tufike kwa mzee. Ulimuuliza, naye akakuambia: usingizi wa yule si wa kuamka, chukueni ufunguo mwende zenu. Ulirudi nyumbani ukamsimulia Mama huku unacheka.

"Nikamuambia, basi muambie mutoto achukue iyo funguo, mumalize," alisema Mama. "Akaniambia, oya sha. Tukimaliza, nitaongea na nani?"

Nilishika kile kitambaa nikahesabu siku zetu. Miezi ile yote tuliketi wawili, kila mmoja anajua, kila mmoja anamfichia mwenzake, na katikati yetu mashine inasema muda unapita. Na hata pale kitandani, ulipouliza, ulikuwa unajua jibu. Nimeukumbuka mkono wako tena na tena tangu Mama aniambie. Ulinibana kiganja uliposema tungoje. Nilidhani ni maumivu.

Nilimpigia mwalimu simu nihakikishe. Akakumbuka vizuri, hata rangi ya suruali. Akasema alikuwa anataka kukueleza pia kilichoko nyuma ya mlango, lakini ulimkatiza.

"Alisema: iyo wacha," mwalimu akaniambia. "Iyo mutoto atanieleza mwenyewe, siku atataka."

Kwa hiyo nimetaka, Baba. Ndiyo maana ya barua hii.

Ufunguo unaingia bila shida. Mzee hashtuki, anakoroma tu, kwa hiyo usimhurumie sana. Mlango ni mzito, inabidi uusukume mara mbili. Nje theluji imekoma. Kuna njia inayoshuka mpaka bondeni, na asubuhi imeanza, na mashine inasema safari yako imekwisha. Ni mistari mitatu, hakuna zaidi. Kisha inakuuliza kama unataka kucheza tena tangu mwanzo.

Ijumaa ile niliandika hapana. Sikuutaka mwanzo, na ule mwisho sikuupenda, maana nilishuka bondeni peke yangu. Nikalifungua faili letu, nikarudi chumbani kwenye moto, nikaandika ngoja, nikatega sikio nisikie viatu vyako vikirudi kutoka msikitini.

Mwenyezi Mungu akufanyie wepesi huko uliko, na akupe wa kuzungumza naye.

Ni mimi, binti yako.