Sugu ya Nyonga ya Kulia

Jumatatu, 5 Februari 2024

Theluji imefika madirishani. Nimerudi karakana ya Kuwabara baada ya miaka minane ya kustaafu. Ni wiki moja tu, kwa ombi la Chizuru. Nilimwona mtoto huyu akitambaa kwenye mikeka ya ofisi. Leo ndiye bosi. Kampuni ya Wafini imeunda mkono wa roboti, wanataka kuungana nasi. Mkono huo ukiweza kukwangua chuma hadi kinyooke kama tunavyokwangua sisi, watatia saini. Usipoweza, Chizuru anafunga karakana Machi. Hana tena kijana anayeijua kazi hii.

"Baba mdogo, wafundishe tu," kasema. Ndivyo aniitavyo tangu utotoni.

Wafundishe tu! Kama vile ni kupika wali.

Jumanne, 6 Februari

Mhandisi wao anaitwa Riikka. Mrefu, mpole, Kijapani chake kinachechemea ila kinafika. Kanifunga vidude vya kupima mwendo: vifundo vya mikono, viwiko, mabega. Nikapaka rangi nyekundu bamba lililonyooka kabisa, nikalisugua juu ya chuma. Penye wekundu ndipo penye kinundu. Nikaanza kukwangua, mpini wa chombo cha kukwangulia umeegemea nyonga, na koti la kazini limefunika yote.

Shii, shii. Sauti ile! Tulikuwa kumi na wanne humu. Redio, jiko la mafuta katikati, viazi vitamu juu yake. Mwenzetu Fukuda akiiba kile kikubwa kila siku na kusingizia panya. Leo niko peke yangu na kompyuta tatu.

Riikka kauliza nguvu inatoka wapi. Nikamwambia, "Tazama, binti." Katazama, kaandika: mikono. Sikumsahihisha.

Alhamisi, 8 Februari

Sijatulia tangu juzi. Namkumbuka bwana mkubwa, baba yake Chizuru. Miaka miwili hakunifundisha neno. Ukiuliza, anakugonga na ufagio. "Mwenye macho haambiwi tazama." Basi.

Nilijaribu kwa mikono hadi ikavimba, na chuma changu kilikuwa cha kutupwa. Hata jioni moja, mwaka 1971, tukioga wote kwenye bafu la kiwanda, nikaiona: sugu nyeusi kwenye nyonga yake ya kulia, pana kama kiganja. Kumbe hasukumi kwa mikono! Mikono inaongoza tu, nyonga ndiyo inayotupa mwili mzima. Akaniona nikikodoa macho. Akajifunika taulo, polepole, na kwa mara ya kwanza akacheka.

"Umeniibia leo, Igarashi."

Sijapata kusifiwa vile tena, hata siku ya harusi yangu.

Nami nikampa nani? Sikumwambia mtu. Vijana watatu niliwasubiri waibe ujuzi kwa macho. Hawakuiba, wakaenda kuuza simu. Labda kosa ni letu, tuliofunga midomo. Namkumbuka mzee yule, na leo namkasirikia pia.

Ijumaa, 9 Februari

Saa tano asubuhi. Naandika katika chumba cha kubadilishia nguo.

Jaribio limeharibika. Mkono wa roboti umeiga mikono yangu sawasawa, na umechimba chuma kama kuku achimbaye mchanga. Wakuu wawili wa Wafini walinong'onezana. Chizuru kainamisha kichwa, anaomba radhi kwa kosa lisilo lake. Mkubwa wao kasema kwa adabu kwamba wanacho kiwanda kingine Nagoya cha kuongea nacho. Riikka pekee hakuondoka kwenye chuma. Alipitisha kidole juu ya yale mashimo, kisha akanitazama.

"Mzee Igarashi, kuna kitu sikukiona. Nionyeshe mara moja tena."

Hakusema niambie. Kasema nionyeshe.

Bwana mkubwa, mzee wangu, ungefanyaje? Nikisema, nimetupa mbele ya wageni kile ulichonifanya nikisotee miaka miwili. Nikinyamaza, karakana yako inakwisha mwezi ujao, na mtoto wako ndiye atakayezima taa.

Nimelivua koti. Nimelitundika kwenye msumari wako wa zamani. Shati nimelichomoa kwenye suruali. Nikiinama kusukuma litapanda lenyewe, na sugu yangu si ndogo kuliko yako.

Sitasema neno.

Mlango unagongwa. "Baba mdogo, wameanza kufunga masanduku."

Nakuja, mwanangu. Riikka na asimame upande wa kulia, kulia kwangu, karibu na nyonga.