Kidonge cha Jumamosi

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, maana jambo hili sijaweza kumwambia hata padri.

Mimi ni mke wa Ndyamukama, tunakaa Izigo, na mwanangu Damian ana miezi saba, anaota meno. Wifi yangu Alistidia ni yaya huko Bukoba, kwa Mama Nalini mwenye duka la vitambaa, na kila Jumamosi anashuka kwenye basi amevaa viatu, nami kwa desturi ya kwetu nampigia magoti kumsalimu, na kabla sijainuka amekwisha kunipokonya mtoto, na mtoto akiwa kwake ananyamaza, na mume wangu anacheka kicheko ambacho mimi sijapata kuchekewa. Mwezi wa tatu mwaka huu mtoto alishikwa na homa, wifi akampeleka kwa dresa wa zahanati, akapewa kipande kidogo cha kidonge cha maumivu, homa ikashuka, na mume wangu akasema mbele ya mama yake, "Waitu, dada yetu, bila wewe mtoto huyu angekuwa na nani?" Nami nimesimama pale pale na sahani ya ndizi mkononi. Wivu ulinishika, mshauri.

Basi nikanunua vidonge dukani Kemondo, na tangu siku ile kila Jumamosi saa ya basi ikikaribia nasaga nusu kidonge, nakoroga na maziwa yangu, nampa, wala hana homa wala halii, nataka tu atulie kifuani kwangu wifi akija. Alitulia kweli nikafurahi. Jumamosi iliyopita nilisaga kizima. Akatapika, akahema haraka haraka, Jumapili akalala kutwa, na sasa ananyonya kwa shida. Wote wanasema ni meno. Wifi anataka kumpeleka hospitali Bukoba lakini mimi nakataa, kwa sababu daktari atauliza mtoto alikula nini, wifi atasikia, na mtoto atakuwa wake moja kwa moja. Je, nizidi kukataa mpaka apone mwenyewe?

Mama Damian, Izigo

JIBU

Mama Damian, jibu hili nimekuletea kwanza kwa mkono wa mtu wa basi, kwa kuwa gazeti lingechelewa. Nalichapa hapa, majina nikiwa nimeyabadili, kwa ajili ya akina mama wengine wenye vidonge kabatini.

Wivu wako naufahamu. Kupiga magoti huku unanyang'anywa mwanao kunauma, na mumeo alikosa adabu kusema vile mbele yako. Mwambie hivyo, ana masikio. Lakini wewe umemtia mtoto sumu ili umshinde wifi. Hilo siwezi kulipamba.

Dawa ya maumivu hupewa mtoto mwenye maumivu au homa inayomsumbua hata hanyonyi wala halali, tena kwa kipimo cha daktari au dresa, siyo kwa kukisia. Vidonge ulivyonunua ni vya watu wazima. Vitupe chooni leo. Meno yakimwasha, osha kidole chako umsugue ufizi, au mpe kitambaa safi chenye maji baridi atafune. Akilia bila homa, mtazame kwanza: ana njaa, amelowa, au anataka kubebwa tu. Na mtoto mchanga ambaye hajatimiza miezi mitatu akiwa na homa, usimpe chochote, kimbia naye hospitali.

Wako anayehema haraka na kunyonya kwa shida hangoji kupona mwenyewe. Panda basi la kwanza, hata kama ni Alistidia atakayekukatia tiketi. Mwache aje, abebe nepi na mwavuli. Mtoto usimpe. Mpakate mwenyewe mpaka mbele ya daktari, kwa maana akiuliza alikula nini, kiasi gani na siku gani, katika nyumba yenu nzima ni wewe peke yako unayeweza kumjibu.