Namba Niliyoirudia Barabara ya Kisorya

Marahaba, mjukuu wangu Magesa. Huku Bunda tu wazima. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike, na pamba mwaka huu imekubali.

Unasema ulikuwa unachora barabara kwenye kompyuta, unanakili namba ya umbali kila mita ishirini kwenye mstari wa kati. Moja ukasahau kuibadilisha, zote zilizofuata zikakosea, na mchoro umeshaukabidhi. Unaniuliza umwambie mwalimu au unyamaze.

Nilipokuwa msichana, barabara ya kwenda Kisorya ikipimwa, nilikuwaga naandika namba hizo kwa rangi kwenye vigingi. Siku moja tukafika kwenye kijito. Daftari la mpimaji lilitaja namba ya mahali pa kujenga kalavati la kupitisha maji chini ya barabara, lakini kigingi chenye namba hiyo kilikuwa ng'ambo, mbele ya mlango wa mama mmoja mjane. Nikajua huko nyuma nimerudia namba. Msichana nilikuwa peke yangu pale, nikaogopa kufukuzwa. Hata hivyo nilimwendea mpimaji.

"Mzee, nimekosea. Kuna namba nimeiandika mara mbili."

Akaitazama ile nyumba. "Tungejenga hapa, maji yangeingia kwa huyu mama," akasema. "Chukua rangi, turudi."

Tulirudi kwa miguu, yeye akisoma, mimi nikiandika upya. Kesho yake akanipa daftari nilishike mimi.

Kamwambie mwalimu, mume wangu. Mimi aibu iliniisha kabla hata rangi haijakauka.

Ni mimi bibi yako,
Nyamisi