Kufuli Juu ya Kitanda cha Imani

Mama mpendwa,

Habari za hapo nyumbani? Goti lako linaendeleaje na hiyo baridi ya asubuhi? Sisi tunapumua, namshukuru Mungu, lakini sitakuficha: naogopa. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu chumba chetu hapa Nakuru ni kimoja, na Baba Imani, ambaye angenisikia, hakutaka nikutie wasiwasi.

Tangu mvua kubwa ipite, ardhi imepasuka nyuma ya ploti. Ufa ulianzia chooni, ukameza ukuta mmoja, sasa umekaribia dirisha letu. Kuna siku ardhi ilitetemeka hata vikombe vikagongana. Mwenye nyumba anasema ni mambo ya mvua tu, ataleta mchanga ajaze.

Basi nikafunga kufuli kuukuu kwa uzi, nikalitundika kwenye boriti juu ya kitanda cha mtoto. Ardhi ikitikisika, linabembea. Majirani hunicheka, ati Mama Imani amefungia hewa. Wacha wacheke. Likianza, nasema polepole, "Imani, mwanangu," na nikimaliza limeshaenda na kurudi. Mtoto naye huitika, "Nini, mama?" Lori la mawe lipite au vikombe vigongane, muda ulikuwa ule ule. Nikajituliza: kama muda haujabadilika, basi mtikiso ni mdogo kama wa jana.

Juzi nilimweleza Baba Imani. Unajua ndiye hupanga vifaa vya fizikia kwenye maabara ya shule. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Wewe nawe! Hiyo muda haiwezi badilika. Libembee kidogo ama sana, ni ule ule tu. Inategemea urefu wa uzi."

"Hata siku nyumba inaanguka?"

"Hata hiyo siku!"

Akaendelea kwa raha zake, kwamba kusingekuwa na hewa hata upana wa kubembea haungepungua, na nguvu yake yote ingebaki ile ile. Likisimama kule mwisho, nguvu haijaisha, imejificha tu. Alidhani ananifariji. Kumbe nilikuwa najibembeleza kwa kitu ambacho hakingenionya kamwe.

Nikaacha kupima muda, nikachora alama mbili za chaki ukutani ili niangalie upana. Jana mchana tukila, kufuli likaanza. Hakukuwa na lori wala upepo. Likapita chaki ya kwanza, likapita ya pili. Nilimtazama Baba Imani aeleze. Alimnyakua mtoto akatoka naye bila viatu, na huko nje hakutaka kumweka chini.

"Nampeleka kwa kukhu wake, kwa mama yako," akasema.

Kwa hivyo anayekupa barua hii ni yeye, na huyo aliyemshika mkono ni Imani. Usimtanie, mpe chai. Atarudi kazini, mimi nami sikupata ruhusa kazini kwangu. Mtoto hapendi mboga ya mrenda lakini atazoea.

Nisalimie Baba, na shangazi wa kwaya. Mwambie kaka Wycliffe asimtishe mtoto na hadithi zake za fisi.

Kufuli nimeliacha pale pale. Likibembea nitasema tu, "Imani, mwanangu," kwa mazoea. Naogopa sana huo ukimya, lakini asipoitika nitajua yuko kwako.

Ni mimi binti yako,
Mama Imani