Namba Arobaini na Sita

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie kutoka kwa mtu ambaye asipoamka asubuhi, hospitali nzima haipati tiba. Sijisifu. Funguo za vyumba vyote ninazo mimi, na hata daktari mkuu hunisubiri mlangoni na mkoba wake kama mwanafunzi aliyechelewa. Mimi ni mzima, mgongo tu unanisumbua kidogo. Je, wewe? Presha inasemaje? Shemeji kaniambia hujakanyaga kliniki yetu hapa tangu msiba, miezi minne sasa, na juzi umeanguka jikoni. Ndiyo maana naandika. Kwa simu ungenikatia.

Sababu naijua. Uliniambia huwezi kukaa kwenye lile benchi ukamsikia binti yako aliye kaburini akikuita uende chumba namba tatu. Ukaniomba niwaambie waitoe ile sauti. Nikapiga kifua, nikasema hiyo ni kazi ya dakika mbili, mafundi wote wa kompyuta hapa nimewafunza mimi.

Marehemu alipoitengeneza ile programu ya kuita wagonjwa alinieleza yote, maana alijua mjomba wake ana kichwa. Alisema programu hujengwa na programu nyingine, kama fundi aliyepewa orodha ya vifaa. Vifaa hivyo wanaviita maktaba, na vingi fundi huyo huvivuta mwenyewe mtandaoni. Lakini sauti ilikuwa faili lake binafsi, halipo kwingine duniani, kwa hiyo akaandika kwenye orodha kwamba hili lichukuliwe humu humu, kwenye folda iliyo kando. Alijirekodi kwenye chumba cha chai, moja mpaka mia, akanifukuza mimi na birika langu. Nikachungulia, mfuniko ukaniponyoka. Ukisikiliza kumi na saba, mfuniko umo. Alicheka mpaka akakaa chini, akakataa kurudia. Kisha akanipa flashi yenye nakala, akasema kompyuta zina siku zake, nimtunzie.

Mwezi mmoja baada ya msiba ikaletwa kompyuta mpya. Fundi aliyeshika nafasi yake akahamisha programu, akaisahau folda. Mashine ikagoma, ikasema faili halionekani. Siku mbili wagonjwa waliitwa kwa mdomo, muuguzi akakaukiwa koo. Fundi akaamua kuufuta ule mstari wa orodha, avute mtandaoni sauti ya mwanamke mwingine. Dada, ombi lako lilikuwa limejijibu lenyewe. Nilitakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza hakuhitaji shule.

Wewe nilikwambia nimepigana mpaka na mkurugenzi, wakakataa. Hakuna aliyekataa. Ni mimi niliyepanda ngazi na ile flashi, nikamwekea fundi mezani. Akairudisha folda mahali pake, programu ikajengwa mara moja, na kabla sijafika chini nikamsikia mwanao akimwita namba tisa. Nikakaa ngazini mpaka alipofika kumi na saba. Presha yako sikuifikiria. Nilifikiria masikio yangu.

Niliposikia umeanguka, nilirudi kwa fundi nikamwomba aubadilishe ule mstari. Jana kaubadilisha. Sasa anaita mwanamke nisiyemjua, na kwenye kumi na saba yake hamna mfuniko wowote. Nenda kesho, Dada, nakusihi. Hakuna wa kukuita utakayemtambua. Flashi nimeifunga ndani ya bahasha hii. Siku ukiwa na nguvu, ni yako. Ukiona huwezi, mpe Shemeji aiweke mbali na macho yako. Unikasirikie, unitukane hata, lakini ukiwa umeshameza dawa.

Nisalimie Shemeji, na majirani wote wanaoniulizia, najua ni wengi.

Limebaki jambo moja dogo, lisitoke nje ya nyumba yako. Jana, kabla fundi hajaanza kazi, nilivua koti langu la kufagilia, nikachukua namba kama mgonjwa, nikakaa benchi la mbele. Haikuwa mara ya kwanza. Aliponiita, namba arobaini na sita, chumba namba tatu, nilisimama mbele ya watu wote nikaitika kwa sauti kwamba nakuja, mama, nakuja. Watu wakageuka kunitazama. Daktari akaniuliza naumwa nini, nikamwambia mgongo.

Mgongo wangu hauna kitu, Dada.

Ni mimi mdogo wako,
Mwenye Funguo