Mochi Nane za Pembe Nne

Jumamosi, 28 Desemba

Nilimpoteza mwanangu Kazuteru tarehe mosi Januari mwaka huu, saa tatu asubuhi, kwa bakuli moja la supu. Hakufa. Aliondoka tu.

Mkewe, Natsuho, ni wa Tokyo. Aliuma mochi yetu ya huku, akakuta maharage matamu ndani ya donge la wali wa kunata uliopondwa — na supu yenyewe ya miso, rojo la soya lenye chumvi! Akacheka. Nikamwambia kwao wanatumbukiza mochi za pembe nne kwenye maji ya kuoshea vyombo. Kazuteru akasema: Mama, mwombe radhi. Mimi? Niliyeanza na sufuria moja ya tambi, leo nina maduka manne? Wakabeba mabegi. Masanduku matatu ya chakula cha sikukuu ya Mwaka Mpya niliyala peke yangu, siku sita.

Leo sokoni, Mama Tokuda wa samaki: Kamba wangapi mwaka huu, bibie, wanne au mmoja? Mmoja siuzi, ataona upweke! Wenzake wakaangua kicheko.

Nilinunua wanne. Mjinga mimi.

Jumatatu, 30 Desemba

Kifurushi kutoka Tokyo! Mwandiko wa Natsuho. Ndani mochi nane, za pembe nne. Barua hakuna.

Nane. Mtu mmoja hali mochi nane. Mbili mbili kwa watu wanne — hesabu inakubali. Au ananikejeli?

Nikampigia Kazuteru. Eti kazi nyingi, eti tutaona. Nyuma yake mjukuu wangu Konoha anapiga kelele: Bibi, zile zenye utamu ndani, bado unatengeneza? Simu ikakatwa. Au ilikatika.

Jumanne, 31 Desemba

Maharage meusi yameiva, hata moja halijakunjamana. Masanduku matatu tayari. Kamba wanne wamelala humo, migongo imepinda kizee, kama inavyotakiwa, ishara ya maisha marefu.

Sufuria mbili jikoni. Moja ya miso nyeupe. Nyingine supu yao nyepesi ya samaki mkavu, kwa zile za pembe nne. Nimeonja. Nikaonja tena. Si maji ya vyombo.

Saa nane mchana. Nimemwandikia Kazuteru, nanakili hapa nisije nikajidanganya baadaye:

"Mwambie Natsuho sufuria yake iko jikoni. Yale maneno ya maji nilikosea. Kesho nichemshe mochi mbili za kula peke yangu, au zangu nane na zake nane? Sitaki jibu la tutaona. Nitajie namba kabla ya saa kumi na moja jioni."